Yai Lisiloliwa

Mae, mama yangu,

Migomba uliyopanda nyuma ya nyumba imezaa, na kijiji chetu cha Kagoma sasa kimeandikishwa kuwa cha ujamaa. Shamba la pamoja liko bondeni. Watu wanalima huku wananung'unika, kama ulivyotabiri. Mimi bado nauguza Bukoba mjini, kwenye wodi ile ile mafua yalipokuchukua. Nikipita kitanda chako natazama pembeni. Siwezi.

Lakini nina habari. Chanjo ya mafua imekuja tena. Unaikumbuka ile uliyoikataa? Nilikueleza kwamba inakuzwa ndani ya mayai ya kuku, ukacheka mpaka ukashika mbavu: "Mwanamke wa Kihaya hali yai, sembuse kuchomwa nalo!" Nikacheka nawe.

Daktari anasema mayai bado yanatumika. Vijidudu vya mafua hukuzwa humo, huuawa, na siku hizi huzungushwa kwa kasi kwenye mashine mpaka mabaki ya yai yatengane na dawa. Ndiyo maana mkono hauvimbi sana kama zamani. Na kwa kuwa mafua hayaishi kujigeuza, chanjo nayo hutengenezwa upya kuyafuata. Nilisikiliza nikiwa na hasira, Mae. Watu wahangaike hivyo, halafu wewe ufe kwa ajili ya yai!

Chupa zilikuwa chache, za wauguzi na wenye vifua vibovu. Nikamwombea Shangazi, dada yake Tata, maana pumu yake unaijua. Nilimleta mjini nikiwa nimejiandaa kwa ugomvi. Nani asiyejua kwamba mwiko wa kuku na mayai nyumbani kwetu mlinzi wake ni yeye?

Aliuliza kama yai litapita mdomoni. Nikamwambia hapana, ni mkononi tu. Akashusha kanga begani, kisha akaanza kulia.

"Mama yako alikuja kuniuliza," akasema. "Alitaka kuchomwa. Mimi ndiye niliyemkataza. Mwana wange, ni mimi."

Kumbe kile kicheko chako kilikuwa cha kumsitiri wifi yako.

Nilivuta dawa kwenye sindano, Mae. Nikamchoma taratibu, nikampangusa, nikamtafutia chai.

Pumzika sasa. Sitamlaumu, wala ndugu zangu hawatalisikia jambo hili kwangu. Mafua yakijigeuza tena, nitamleta tena mjini, na kitanda chako tutakipita pamoja.

Mwanao,
Kokugonza