Mkaguzi wa Sahani

3 Februari

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi, nyingine zimebaki nje kwa kukosa nafasi. Sisi wazima, ila mgongo wangu unadai haki zake kila asubuhi. Wewe je, baridi ya huko imekuachia masikio? Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unanizidi maneno. Kwenye karatasi nani atanikatiza?

Nasikia ulizungumza na nesi wa kliniki. Ni kweli, mwanao ana magego mawili yaliyooza, choo anapata kwa taabu, na mizani inasema uzito umezidi umri. Nesi akauliza mtoto wa miaka minne anakula nini. Nikasema chipsi, maana mimi si mtu wa kuficha. Akasema anahitaji mboga na matunda. Nikamuuliza kiazi kinachimbwa wapi, kiwandani? Na nyanya ya kwenye sosi si tunda? Foleni nzima ilicheka. Yeye hakucheka.

Usihofu. Nimekaanga viazi katika miji mitatu, nimemlisha jaji, nimelisha timu ya mpira pamoja na refa. Mtoto mmoja atanishinda? Siku hizi namwita Mkaguzi. Sahani ya nyumbani anaipekua kama mzigo wa forodhani, kisha anaisukuma. Akija kibandani kwangu nikampa chipsi, hakagui.

Baba yako,
Bingwa wa Karai

21 Februari

Shikamoo Baba,

Natumaini mgongo umepoa. Mimi mzima, na masikio yapo.

Barua yako ilinichekesha mpaka katikati, kisha nikashindwa. Unajua kazi yangu. Kila siku saa nne nakata karoti na matango vijiti, namenya machungwa, nawagawia watoto ishirini wa watu wengine. Wangu yuko kando ya karai, anakula chipsi amesimama.

Nimezungumza na shangazi yake. Yuko tayari kumchukua. Sitaki, na najua wewe ndiyo kabisa hutaki. Lakini nesi atampima tena mwisho wa Juni, na kama hali ni hii hii, ataenda. Baba, jaribu viazi vitamu vya kuchemsha, maharagwe, yai, ndizi badala ya biskuti, maji badala ya soda. Si vyakula vya kitajiri. Sokoni ni hatua chache kutoka kibandani kwako.

Binti yako

10 Machi

Kipenzi cha baba,

Hujambo? Hapa hatujambo, ingawa tuko vitani.

Shangazi! Yule mama anachemsha nyama mpaka inasahau kwamba ilikuwa ng'ombe. Mkaguzi hatoki hapa.

Nilianza na karoti. Nikaikata kama chipsi, nikaikaanga, nikaifunga kwenye karatasi na kijiti juu. Alikula mbili, akauliza chipsi ziko wapi. Nesi akapita, akachungulia, akasema karoti iliyozama kwenye mafuta ya jana ni chipsi iliyobadilisha nguo. Huyo mwanamke angefaa kuwa askari.

Nikaomba nafasi kwenye tanuri la jirani mwoka mikate. Viazi na maganda yake, mafuta tone moja, vikatoka vya dhahabu. Mkaguzi akaonja, akaweka chini. "Babu, hii haikupiga kelele." Mwanangu, huyu amekulia kibandani, kiazi anakila kwa masikio! Parachichi alimpaka paka. Maharagwe aliyahesabu, kumi na saba, akanirudishia kumi na saba.

Lakini tulia. Nina mbinu arobaini, nimetumia nne tu.

Baba yako,
Profesa wa Mapishi

2 Mei

Shikamoo Baba,

Hujambo? Wiki saba hujaandika, na simu hupokei.

Nesi ameniambia ulimpeleka mtoto tena, analia ameshika tumbo. Akasema alipokuuliza anakula nini, ulinyamaza. Wewe, kunyamaza? Hapo ndipo nilipoogopa.

Niambie ukweli.

Binti yako

14 Mei

Mwanangu,

Nakusalimu. Afya yangu ni ile ile. Nimeandika barua tatu nikazichana, zilijaa mbwembwe.

Mbinu ziliisha wiki ile ile. Kila akisukuma sahani, nampa chipsi.

Kuna jambo sikukuambia. Ulipoondoka alikaa mlangoni siku tatu. Uji alitema. Ndizi aliishika mpaka ikawa nyeusi mkononi. Mimi niliyelisha miji mitatu, kinywa kimoja cha damu yangu kikanishinda. Siku ya nne nikambeba mpaka kibandani, nikamkalisha juu ya gunia la viazi. Akanyoosha mkono kwenye karatasi ya mteja, akala chipsi moja. Halafu ya pili. Mteja alitaka kulalamika, akaniona uso, akamsogezea zote.

Tangu siku hiyo, akisukuma sahani, mimi namwona yuko mlangoni tena. Mkono unafika kwenye karai kabla kichwa hakijaamua. Watu wanasema mtoto amezoea chipsi. Aliyezoea ni mimi.

Mwambie shangazi asingoje Juni. Nguo za mtoto nimeshafua.

Baba yako

28 Mei

Shikamoo Baba,

Upo salama? Barua yako niliisomea chooni kazini, ndipo penye mlango unaofungwa.

Zile siku tatu sikuzijua. Ungeniambia, ningerudi, na ndiyo sababu hukuniambia. Ahsante, ingawa inauma.

Shangazi nimemwambia asije. Baba, aliyeondoka ni mimi. Wewe hukuondoka. Sasa mnyime chipsi. Pika chakula kimoja, ule naye, jiko la karai likiwa limezimwa. Usimsifu, usimgombeze, usimbembeleze. Akilia, alie, mradi upo. Mtoto anayelia mbele ya mtu asiyeondoka hajaachwa. Amekasirika tu.

Binti yako

16 Juni

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Sisi wazima, mmoja amenuna.

Kibandani nimebandika karatasi: Mchana Tumefunga. Mteja mmoja aliuliza nani amekufa. Leo ni siku ya tano. Siku nne alikunywa maziwa, akaonja yai, vingine akasukuma. Nami nikala changu kimya, maharagwe, viazi vitamu na boga, mimi ambaye boga niliapa kutolila tangu utotoni.

Leo alilala sakafuni, akalia, akaniita babu mbaya. Mkono uliniwasha. Nikaukalia. Saa kumi akanyamaza, akapanda kiti, akachovya kipande cha kiazi kitamu kwenye maharagwe. Nikatazama ukuta. Unajua ilivyo kazi kwangu kutomsifu mtu, hasa mtu wa ukoo wangu. Alikula vipande vinne. Boga hakuligusa.

Akauliza, "Kesho chipsi?"

Nikasema hapana.

Akakaa anabandua ganda la kiazi kwa kucha, anafikiri. "Kesho utakaa tena?"

Nikasema nitakaa. Akashuka kwenye kiti, akanisukumia boga lake, akaniambia nile upesi, linapoa.

Baba yako