Lango Walilofungiwa Wachechemea

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za mpwa wako. Vipi hali zenu huko? Mgongo wa wifi umepata nafuu? Sisi tu wazima, cherehani inaunguruma kama kawaida, na hasira yangu nayo ni nzima kabisa, kama utakavyoona.

Kifurushi kilifika. Vitabu vyote saba vya Ufalme wa Chini ya Ziwa, vile vile vya utoto wetu! Nilipoliona lile jalada la fisi maji aliyevaa joho, machozi yalinilengalenga. Niliziacha sare za shule nilizokuwa nashona, nikaanza kumsomea mwanangu hapo hapo juu ya marundo ya vitambaa. Kitabu cha kwanza, cha pili, cha tatu, tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Kisha tukafika cha nne. Unawakumbuka Wachechemea, watumishi wa yule mchawi? Mimi nilikumbuka tu kwamba walikuwa wabaya. Nilisahau kwamba ubaya wao wote ni miguu! Mwandishi anasema, bila haya, kwamba mioyo yao imepinda kama miguu yao. Halafu maji yanapopanda, mashujaa wetu wanawafungia lango, nao Wachechemea wanazama wote, watoto kwa wazee, huku ufalme mzima ukipiga vigelegele. Nami nilikuwa nasoma kwa sauti, mwanangu ameunyoosha mguu wake wenye vyuma mapajani mwangu! Nilipozinduka, maneno yalikuwa yameshanitoka.

Hakulia. Afadhali angelia. Aliniuliza, "Mama, mimi ningekuwa nje, siyo?" Nikamwambia huo ni upuuzi wa mtu mmoja. Akauliza kwa nini basi nilimwambia hakuna vitabu vizuri kama hivi. Nimemkasirikia mwandishi, nimewakasirikia wachapaji wanaoendelea kuvitoa miaka yote hii, na wewe pia nimekukasirikia. Hata ukurasa mmoja hukuufungua kabla ya kumtumia mtoto huyu?

Lakini kuna jambo, na nisipolisema leo sitalisema tena. Unamkumbuka binti wa mwashi, jirani yetu aliyekuwa akichechemea? Siku ile ya mvua, tulipokuwa tunacheza ufalme uani, geti lilikutwa limefungwa, naye yuko nje, ameteleza mtaroni na kuvunjika mkono. Baba alikuchapa wewe kwa kuwa ndiye mkubwa. Ulimwambia huenda komeo lilijifunga lenyewe. Halikujifunga, kaka. Nililifunga mimi. Aligonga, akaniita kwa jina, nami nikapiga vigelegele kama kitabuni. Nilikuwa na miaka tisa, na nilikaa kimya ukichapwa.

Siku hizi ana duka la kutoa nakala karibu na soko. Kwa miaka mingi, nikimwona tu, navuka barabara. Jumanne sikuvuka. Niliingia, nikasimama mbele ya mashine, wateja wakiwa kwenye foleni, nikamweleza yote. Aliendelea kupanga karatasi zake. Akasema anajua, aliiona mikono yangu kwenye upenyo wa geti. Akasema hajui kama amemaliza kunisamehe, ila niache kumkimbia barabarani, maana hilo ndilo linalomuudhi zaidi. Halafu akaniambia kwamba kesho yake asubuhi, ukiwa bado huwezi kukaa vizuri kwa zile fimbo, ulimwendea kitandani kwake ukamwambia, "Ni mdogo wangu aliyefunga. Tafadhali usimseme kwa wakubwa."

Kumbe ulijua! Miaka thelathini na moja umeniacha nihangaike na siri ambayo hata siri haikuwa! Ungenizaba kofi siku ile ile tukamalizana. Nani alikutuma uwe mwema kiasi hicho, kisha ukae kimya? Sijui nikushukuru au nikugombeze, kwa hiyo njoo, nitafanya yote mawili ana kwa ana.

Mpwa wako amekataa kitabu chochote kirudishwe. Amekinyakua cha tano, anakisoma mwenyewe, neno kwa neno, anatafuta kama kuna Mchechemea hata mmoja aliyejua kuogelea. Hajampata. Jana alichukua kalamu, akaanza kumwandika pembezoni mwa ukurasa.

Msalimie wifi, na watoto uwabusu mmoja mmoja.

Ni mimi, mdogo wako uliyemfichia.