Herufi mbili chini ya gazeti

Kitshanga

Furaha mjukuu wangu,

Sisi wote tuko salama. Goti la bibi yako limepona, na ng'ombe amezaa. Umeuliza kwa nini ninaandika jina langu zima hata kwenye kikaratasi cha sokoni.

Wakati wa vita nilikuwa karani wa Mama Kavira, aliyeuza chumvi na kuchapisha gazeti la ukurasa mmoja. Shuleni tulifundishwa kwamba anayepiga mashine huweka chini herufi za kwanza za jina lake. Mimi niliziweka hata chini ya habari ya ng'ombe ambao askari wa kamanda walipora Kirolirwe. Kamanda mwenyewe akaja dukani na gazeti, akitafuta mtu wa kukamata.

"Huyu J.B. njo nani?"

Nilishika meza. Mama aliendelea kupima chumvi.

"Njo mimi, Papa. Gazeti iko yangu."

"Weye? Mwanamuke?"

"Ao unazani najua chumvi tu?"

Akacheka, akachana gazeti, akaenda. Mama hakunilaumu. Alisema tu, "Kesho piga jina yangu yote."

Nililipiga. Chini yake nikapiga langu, lote.

Babu yako,
Jean Bahati Muhindo