Suti ya Harusi Iliyotupeleka Shule

Mwaka umetimia, Mama yetu Asumpta, tangu asubuhi ile ya baridi ulipotutoka hapa Malvern, Toronto, na bado tunaogopa kutupa nguo iliyochanika. Nani athubutu kukuudhi huko uliko?

Tunakuona bado kwenye cherehani yako karibu na dirisha, miwani imeshuka puani. Kola ikichakaa, uliigeuza. Mikono ya masweta makuukuu uliifanya glavu za wajukuu, wakaenda nazo kwenye theluji wakinung'unika. "Bibi, just buy new ones!" alilalamika mjukuu wako wa mwisho. Ukamjibu, "Nunua wewe mwenye mshahara." Alizivaa mpaka zikambana.

Wapo waliodhani ni ubahili. Sisi wanao tunajua ulikojifunzia.

Wakati wa vita vya Kagera tulikuwa kijijini kwetu Kamachumu. Baba yetu, Ildefonce, alikuwa ameondoka na mgambo kwenda mstari wa mbele, na hakuna aliyejua kama yu hai. Madukani kitambaa hakikuwepo hata cha dawa. Shule zilipofunguliwa Januari, mwalimu alisema asiye na sare asije, nasi watatu tukarudi nyumbani tukilia.

Ulifungua sanduku ukatoa suti ya harusi ya Baba, ya bluu iliyokolea, nguo pekee ya maana aliyokuwa nayo. Bibi, mama yake Baba, akakushika mkono. Kwake yeye, kukata nguo ya mtu aliye vitani ni kumwitia kifo. "Unamzika mwanangu angali hai!" alisema. Machozi yalikulengalenga, lakini ulimjibu kwa adabu: "Mama, akirudi tutamshonea nyingine. Wanawe waende shule."

Ukakata. Suruali ikatoa kaptula za Zephania na Novatus, koti likawa sketi ya Sara. Mashati ulishona kwa mifuko ya unga wa ngano, uliyoifua mpaka maandishi yakafifia. Bibi akasusa chakula chako. Uliendelea kumpelekea sahani yake kila siku, na kila siku ilirudi ilivyokwenda.

Baba alirudi vita vilipokwisha, amekonda, akatukuta ndiyo kwanza tumetoka shule. Alimgeuza Zephania huku na huku, akapapasa kile kitambaa. Bibi alisimama mlangoni akikutazama wewe. Kisha Baba akasema, "Asumpta, naona suti yangu imezaa."

Ulikaa chini ukalia kwa sauti. Hatukuwahi kukuona ukilia hivyo. Bibi akaja akakaa kando yako, akalia naye, na siku hiyo akala kwako.

Asante, Mama. Tulisoma sote watatu, na kusoma huko ndiko kulikotufikisha Toronto, mji uliojaa nguo, ambako bado ulitutaka tujue kushona kifungo kabla ya kununua shati. Tunajua. Wajukuu nao wanajua, ingawa wanalalamika kwa Kiingereza.

Tunaokukumbuka kwa upendo na shukrani ni wanao Zephania, Sara na Novatus, wakwe zako, wajukuu wako wa Malvern na Brampton, jumuiya yako ya kanisani, na mumeo Ildefonce, ambaye hakutaka kusema mengi. Ameomba tukuandikie hivi tu:

"Asumpta, asante kwa kuamini kwamba nitarudi."

Tutakukumbuka siku zote za maisha yetu.