Kioo Kilichosuguliwa kwa Mchanga

2 Machi

Baba, shikamoo.

Natumaini kifua kimepoa, na dawa unainywa, si kuipanga dirishani tu. Mimi mzima, ila nimechoka. Najua miaka sita nimekutumia salamu za mistari miwili miwili. Leo nina shida ya ufundi wako.

Hapa maabara tunatengeneza seli za sola nyembamba kuliko unywele. Wembamba huo unapunguza gharama, lakini mwanga unapenya na kupotea kabla haujanaswa. Kwa hiyo nyuma yake napaka fedha kama ya kioo cha kujitazamia, ili mwanga uakisiwe, upite tena. Miezi minane napaka na kubandua, umeme hauongezeki. Mkuu wa maabara amenipa hadi mwisho wa Juni. Nikishindwa, kazi inafungwa na mimi naondoka mikono mitupu. Wewe unafanyaje fedha itulie bila doa?

Mwanao

20 Machi

Marahaba, mwanangu.

Kifua kinanisumbua asubuhi, mchana kinaniachia. Dawa nakunywa, shangazi yako ananisimamia kama askari.

Kumbe uliikimbia karakana yangu ya vioo ukaenda mbali kote huko kupaka fedha! Nimecheka mpaka nikakohoa. Haya, sikiliza. Osha kwa maji ya betri, yale yasiyo na chumvi. Usikiguse kioo kwa kidole hata kidogo, alama haifutiki tena. Na usiharakishe. Haraka yako naijua.

Baba yako

11 Mei

Baba, shikamoo. Shangazi naye namsalimu.

Nimefuata yote. Fedha imetoka safi, najiona mpaka mikunjo ya macho. Umeme ni uleule. Mwanga unaingia wima, unagonga fedha, unatoka wima palepale ulipoingilia. Jana nilijifungia chooni nikalia, kisha nikanawa uso nikarudi kupima.

Labda ulisema kweli siku ile, kwamba mikono yangu ni ya kuharibu tu. Nimechoka, Baba.

Mwanao

29 Mei

Marahaba, mwanangu. Sisi huku hatujambo, wewe ndiye unayetutia wasiwasi.

Unakikumbuka kile kioo? Ulikuwa na miaka kumi na minne. Ulikisugua kwa mchanga ukidhani unakisafisha, ukakipaka fedha hivyohivyo, mteja akakikataa. Nikakutukana mbele ya watu. Ulidhani nilikivunja.

Nilikitundika nyuma ya taa ya karakana kwa kuwa hakikuwa na mnunuzi. Kabla yake niliweka kizuri, kikawa kinarusha mwanga wote mahali pamoja na kuniumiza macho. Chako kinautawanya, meza yote inaonekana, hadi misumari ya pembeni. Miaka kumi na saba nafanya kazi kwa mwanga huo, na sikukuambia. Niliona aibu.

Sijui kama hilo linakufaa huko.

Baba yako

27 Juni

Baba, shikamoo. Kifua je?

Nilisoma barua yako nimesimama, na koti sijavua. Kesho yake nilikwaruza makusudi kigae cha kioo kinachobeba seli, ndipo nikapaka fedha. Sasa mwanga ukirudi unakwenda mshazari, unahangaika humo ndani, unachelewa kutoka, na seli inaunasa. Umeme umepanda kwa sehemu moja ya tano. Mkuu ametuongezea mwaka. Aliniuliza wazo nimelitoa wapi, nikamwambia ni la baba yangu, fundi vioo.

Naomba unitumie kile kioo nikiweke mezani kwangu.

Mwanao

15 Julai

Marahaba, mwanangu.

Kioo situmi. Posta watakifikisha vipandevipande, na mimi bila hicho siioni kazi yangu. Akikuuliza tena, mwambie wazo ni lako tangu utotoni, fundi aliyekuwepo ndiye hakuelewa. Nisamehe. Nilipaswa kukuandikia haya kabla hujaniomba msaada.

Nilikwambia usiguse kwa kidole. Kile ulikigusa. Pembeni, chini ya fedha, dole gumba lako lipo, dogo, na mistari yake yote. Naliona kila asubuhi nikiwasha taa.

Umepata mwaka mzima. Nipe wiki moja, uje.

Baba yako