Dagaa Wasiofuatwa na Nzi

Jumanne, 7 Februari 1978

Nimepima tangu alfajiri. Giza zuri wiki hii, mwezi haupo, mitumbwi imerudi mizito. Kila mtumbwi natoa kopo moja la dagaa, nawalaza kwenye rula mmoja mmoja, naandika urefu, kisha nawatumbukiza kwenye ndoo ya formalini wasioze. Macho yanachuruzika. Vidole vina ganzi na vinanuka. Hata ugali nakula kwa kijiko.

Mama Sesilia, mwenye nyumba yangu, anaichukia mvua kuliko shetani. Anaanika dagaa mchangani, wingu linatanda, anaanua, anaanika tena. Jioni wameshaanza kuharibika na nzi wamejaa. Leo amesimama kando ya ndoo yangu muda mrefu. "Hawa dagaa wako, baba, hata nzi hawawataki." Nikamwambia ni sumu. Akacheka mpaka akakaa chini.

Anaujua mchezo wangu. Nilipopata sukari ya mgao kule Mpanda niliitia kwenye kopo, nikawaambia watu wa nyumba ni sumu ya panya. Haukupita muda akanikuta naikoroga kwenye chai. Tangu hapo kila kitu changu anakiita sumu ya panya. Sabuni. Redio. Barua za chuo.

Ijumaa, 10 Februari

Mvua kutwa. Mahesabu.

Urefu wa dagaa unaniambia wanakufa kwa kasi gani. Hauniambii wanakufa na nini. Wapo wanaouawa na wavu, na wapo wanaokufa kivyao: maradhi, uzee, kuliwa na samaki wakubwa kama migebuka. Ninachokipata mimi ni jumla tu. Kutenganisha ningehitaji ziwa likae bila kuvuliwa. Ziwa gani hilo? Watu wanakula kila siku.

Profesa wangu hana mzaha. Bila kutenganisha vifo hivyo viwili hakuna shahada ya pili. Bila shahada hakuna kazi kituo cha utafiti, hakuna masomo ya nje. Nitarudi kwetu Kakese kulima mahindi na baba, niwe yule aliyesoma akarudi. Naogopa hilo sana. Nalala nalo, naamka nalo.

Mama Sesilia ameleta uji, ameonja kwanza mbele yangu. Huku anayekupa chakula huanza yeye, uone hakuna sumu. Nimemwambia tena aache, simshuku. Amesema hawezi kuacha adabu ya mama yake kwa ajili ya msomi mmoja.

Jumatano, 15 Februari

Kipindupindu kimefika hapa Ikola. Mvuvi mmoja wa Mzee Pius, mwenyekiti wa kijiji, alianza kuhara jana asubuhi, jioni amekufa. Alikuwa na mabega kama ng'ombe.

Mitumbwi yote imepandishwa mchangani na kufudikizwa. Ndiyo desturi ya hapa: akifa mtu wa mwalo, huu ufuko wa mitumbwi, hakuna anayelowesha wavu mpaka matanga yaishe. Juu ya hapo imekuja amri ya wilaya. Barabara imefungwa. Hakuna kuvua, hakuna kuuza samaki. Shule imegeuzwa kambi ya wagonjwa.

Niandike ukweli, humu hasomi mtu. Nilipoiona mitumbwi imelala kifudifudi nilifurahi. Ziwa limepumzika. Nilikwenda nyuma ya nyumba ili nisionekane uso.

Alhamisi, 23 Februari

Mbalamwezi. Hata wangeruhusiwa wasingevua. Dagaa hawafuati karabai mwezi ukiwaka.

Wamekufa wengine. Kila msiba unaanzisha matanga upya, mitumbwi inaendelea kulala. Wanawake wamekaa na nyungo tupu. Chumvi imekwisha dukani, unga unapungua. Mama Sesilia ana binti mmoja, Sesilia, aliyemaliza darasa la saba juzi juzi. Wanakula mara moja kwa siku na bado wananiwekea sahani. Naila. Njaa haina aibu kumbe.

Salamu za Profesa zimefika kwa redio ya misheni. Nipime kila giza likirudi. Kibali cha wilaya kimeombwa kwa ajili yangu peke yangu. Amesema mtafiti hupata bahati kama hii mara moja maishani. Padri alinisomea maneno hayo bila kunitazama.

Alhamisi, 2 Machi

Kibali kimekuja. Mzee Pius amekisoma mara mbili, akanipa mtumbwi na watu wawili. "Serikali imesema. Siye tutasemaje?" Hakunisindikiza mwaloni.

Tumerudi na dagaa wengi, warefu kuliko wote niliopima tangu nije. Jumla ya vifo imeshuka kama kitabu kinavyosema. Inatenganika!

Tulipofika mwaloni wanawake walikuwa wamesimama wananingoja. Daktari wa zahanati alishanionya: amri ni amri, asile mtu hata dagaa mmoja. Basi nikawatia wote kwenye formalini mbele ya macho yao. Mama Sesilia akaja karibu. "Hata bakuli moja, baba?" Nikasema mama, hii ni sumu. Akatikisa kichwa. "Kama sukari yako." Safari hii hakucheka.

Ningeweza kumshika mkono nikamweleza. Nilikuwa na haraka ya kupima.

Jumatatu, 6 Machi

Ndoo zimejaa. Dagaa wa zamani, waliokwisha pimwa, nimewamwaga kwenye shimo nyuma ya choo na kufukia mchanga juu. Ndivyo ninavyofanya siku zote.

Tumetoka tena jana. Namba nzuri. Mgongo unauma.

Jumatano, 8 Machi

Wamembeba Mama Sesilia kwenye machela mchana, kwenda kambini. Anatapika, ameshika tumbo, analia kama mtoto. Wamepaka chokaa mlangoni, alama ya kipindupindu.

Nilizunguka nyuma kuchukua ndoo. Juu ya paa la jiko kuna ungo. Dagaa weupe, wamenyooka, wamekauka vizuri ingawa mvua imenyesha. Hakuna hata nzi mmoja. Nikaenda kwenye shimo. Limefukuliwa kwa mkono, taratibu, na mchanga umerudishwa.

Naona alivyofikiri. Kwamba nimepata dawa ya kuzuia dagaa wasioze masika, namnyima, nasema sumu. Amewaosha, amewaanika, amejaribu yeye kwanza.

Nikisema, kibali kinafutwa. Ndoo zinamwagwa. Pengine polisi. Bado giza hili moja tu nimalize. Na pengine ni kipindupindu kweli. Kijiji kizima kinaugua, kwa nini yeye asiugue?

Nitasema kesho.

Alhamisi, 9 Machi

Sikusema. Nimepima.

Jioni nimesikia mlio wa kuni jikoni. Sesilia ameteremsha ungo, sufuria iko motoni, anataka kumpikia mama yake mchuzi ampelekee kambini. Nimemnyang'anya. Dagaa wamemwagika chini, akapiga magoti kuwaokota, nikawakanyaga. Alinitazama kama mwendawazimu. Nikamwambia kila kitu, palepale, moshi unatuingia machoni. Aliuliza jambo moja tu: nimejua tangu lini.

Ijumaa, 10 Machi

Nimekwenda kambini asubuhi na mapema. Daktari alinisikiliza amesimama. Kumbe alikuwa akijiuliza, maana mama huyu alitapika lakini hakuhara. "Ungesema juzi, nisingemlaza humu." Hakupandisha sauti. Amelala siku mbili katikati ya wagonjwa wa kweli, ndoo moja, kikombe kimoja, nzi wale wale. Wauguzi ni wawili tu na wamechoka hata kusimama.

Wamemhamishia barazani. Tumbo limetulia, amekunywa maziwa kidogo. Nikapiga magoti pembeni yake. Akanishika kidole, akakinusa. "Kumbe sumu kweli, baba." Alikuwa anatabasamu. Nimelia mbele ya watu.

Jumatatu, 13 Machi

Kuhara kulimwanza Jumamosi. Safari hii ndicho kipindupindu chenyewe. Daktari alimtundikia maji mpaka chupa zikaisha. Alikufa jana, misa ikiendelea.

Wamemzika watu wa afya, wale wa chokaa. Hakuna matanga, hakuna kukusanyika. Sesilia alisimama mbali na kaburi kama tulivyoamriwa, mimi nikasimama mbali na Sesilia.

Nilikwenda kwa Mzee Pius nikamweleza yote. Nilitaka anitukane. Nilitaka anipeleke Mpanda nikiwa nimefungwa kamba. Aliuliza ndoo ziko wapi, tukachimba shimo refu, mimi nachimba yeye anatazama, tukamwaga kila kitu na chokaa juu. Kisha akasema, "Cheti cha daktari kinasema kipindupindu. Watu wangu wamechoka, usiwaongezee neno. Maliza kazi yako uende."

Hakuna aliyenifukuza. Daftari za vipimo ziko salama. Sikupoteza kitu.

Alhamisi, 30 Machi

Amri imeondolewa. Hakuna aliyekufa siku nyingi sasa. Wamekunywa pombe ya kumaliza misiba yote kwa pamoja, wa kwanza kuonja Mzee Pius. Mtungi haukufika kwangu. Sikuuliza.

Salamu za Profesa tena. Ameona namba nilizomtumia, anasema hajawahi kuona vifo viwili vimetenganika namna hii. Nafasi yangu kituo cha utafiti iko tayari.

Nimerudia hesabu mara nyingi mno leo. Iko sahihi. Nimejaribu kumweka Mama Sesilia upande mmoja, wa waliokufa kivyao, au upande wa pili, wa waliouawa. Nimefunga daftari.

Jumapili, 9 Aprili

Giza limerudi na mitumbwi imevua. Mwalo wote unang'aa dagaa. Sesilia anaanika mahali pa mama yake. Anageuza kwa mikono miwili kama yeye. Nzi wamejaa, anawapunga na khanga.

Lori la Mpanda linaondoka kesho. Nimefunga mizigo. Sukari imebaki karibu nusu kopo. Nilimpelekea palepale mchangani, nikasema hii ni yako, Sesilia, ni sukari.

Hakunyoosha mkono. Alilitazama kopo, akanitazama. Kisha akasema kwa adabu, macho chini, "Anza wewe, kaka."

Nikachovya kidole. Bado kinanuka formalini. Nikalamba. Alingoja mpaka akaona koo langu limemeza. Akangoja tena kidogo.

Halafu akalipokea kopo kwa mikono miwili, akaliweka kivulini, akarudi kugeuza dagaa.