Kiwanja Kipo

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na wanangu wote, na kwamba kile kikohozi ulichokitaja kimeona haya na kuondoka. Sisi huku hatujambo. Mama hajambo kabisa, ni goti lake moja tu linalojifanya mgonjwa asubuhi, na likisikia sauti ya mgeni linapona. Mimi nipo na cherehani yangu, tunagombana kama kawaida. Siku hizi imeanza kuruka mishono kila nikishona nguo ya mtu mkorofi, na wateja wangu unawajua.

Barua yako niliipata. Umesema mvua zikiisha tu utakuja na mchoro wa nyumba mkononi, vyumba vitatu na baraza ya kukaa unatazama mto, uanze kuchimba msingi. Umeuliza habari za kiwanja. Kiwanja kipo. Nitakueleza vizuri huko mbele, lakini niache kwanza nikupe habari za hapa, maana mambo yameshikana, na nikianzia mwisho utasema mdogo wako amechanganyikiwa.

Ugomvi wa mto unaukumbuka. Watu wa juu, wakulima wa nyanya, wakiwasha pampu zao, watu wa chini wanabaki na tope. Watu wa chini nao, wafyatua matofali, wamechimba kingo mpaka mto wenyewe haujui tena upite wapi. Mwaka huu ofisi ya maji ilichoka na mashtaka yetu. Ikaleta barua kwamba tukae pamoja, wa juu na wa chini, tuandike mpango mmoja wa kuutunza mto mzima, na uwe umetiwa sahihi kabla ya mvua. Tukishindwa, pampu zote zitang'olewa, matanuri yote yatafungwa, na mto tutabaki kuutazama kwa macho.

Ikaundwa kamati. Mwenyekiti ni mwalimu mkuu mstaafu, yule aliyekutoa darasani kwa sababu ya kucheka. Bado anaita majina kabla ya kikao, na ukichelewa unasimama mlangoni mpaka akuruhusu. Watu wa juu wanaongozwa na Bibi Nyanya. Usidhani ni bibi wa mtu, hana mjukuu hata wa kuazima, ni nyanya za shambani tu zilizompa jina. Watu wa chini wanaongozwa na fundi matofali tunayemwita Tope, mtu mpole sana ilimradi usimguse udongo wake. Mimi nikachaguliwa kuwa katibu kwa sababu nilikuwa nimekaa karibu na kalamu.

Ofisi ilituletea na mtaalamu, bwana mmoja mwembamba mwenye viatu safi kupita kiasi. Siku ya kwanza alisimama akatutangazia kwamba sisi sote tunaishi ndani ya kidakio kimoja. Watu wakatazamana. Tope akanyoosha mkono akauliza, kwa heshima zote, kama hapa pana kudaka, basi golikipa ni nani. Mtaalamu akaeleza kwamba kidakio ni ardhi yote ambayo mvua ikinyesha juu yake, maji yake huishia kwenye mto mmoja, kwa hiyo mlima umo, mashamba yamo, paa la ukumbi limo, hata kichwa cha mwenyekiti kimo. Mwalimu mkuu akapapasa upara wake akaomba kichwa chake kisiingie kwenye kumbukumbu za kikao. Nikakiandika. Tangu siku hiyo mtaalamu anaitwa Kidakio, na anaitika.

Kidakio akasema mpango hauandikwi hewani, inatakiwa ramani kubwa ambayo kila mtu ataiona hata akiwa amekaa nyuma. Karatasi ya ukubwa huo haikupatikana. Basi mimi, kwa kiherehere changu unachokijua, nikasema nitaishona. Nilichukua shuka jeupe la Mama, lile la wageni. Mto nikauweka kwa utepe wa buluu, mashamba kwa vipande vya kijani, matanuri kwa kahawia, na kila mahali nikaandika jina lake kwa uzi mweusi. Kidakio alikuwa amenipa sharti moja tu: kaskazini iwe juu, ndivyo ramani zote zilivyo. Nikafuata. Nilifanya kazi siku tatu na cherehani haikuruka mshono hata mmoja. Hapo ningepaswa kuingiwa na wasiwasi.

Kaka, mto wetu unatiririka kwenda kaskazini. Maisha yetu yote tumeuona ukienda huko na hakuna aliyefikiria ina maana gani. Tulipolitundika shuka ukutani, watu wa juu walikuwa chini kabisa, karibu na sakafu, na watu wa chini wamekaa juu, wanakaribia dari.

Bibi Nyanya aliitazama ramani kuanzia dari hadi sakafu. Kisha akasema yeye hakuinama shambani miaka yote hiyo ili aje kuwekwa chini ya miguu ya watu wa matofali. Kidakio akajaribu kumweleza habari za kaskazini. Bibi Nyanya akamuuliza huyo kaskazini ni mwanakamati? Kama si mwanakamati, na hakuitwa jina asubuhi, mbona ndiye anayeamua nani akae juu? Halafu akanigeukia mimi, akasema hata kitambaa chenyewe kinaitwa shuka, kwa hiyo ni dhahiri tulipanga tangu mwanzo kuwashusha. Tope kwa upande wake alikuwa amevuta kiti na kukunja nne, akasema yeye haoni kasoro yoyote, na kwamba ramani imemfungua macho. Watu wa juu wakatoka nje wote, na kikao kikaishia hapo.

Wiki iliyofuata tuligeuza shuka, juu ikawa juu. Sasa watu wa chini ndio wakanuna, maana walishaonja utamu wa dari. Isitoshe, maandishi yote yalikuwa kichwa chini miguu juu. Mwalimu mkuu hakubali kushindwa na maandishi, akasoma ramani nzima akiwa ameinamisha kichwa ubavuni, kijiji kwa kijiji, na siku mbili baadaye shingo ilikataa kurudi. Alikuwa anasalimia watu wa upande mmoja tu wa barabara. Mpango ulikuwa haujaandikwa hata mstari mmoja, na mawingu yameanza kujikusanya upande wa mlimani. Nilianza kukosa usingizi, kwa sababu nitakazokueleza.

Aliyetuokoa ni Mama. Alikuja kikao cha nne kudai shuka lake. Hakumsalimia mtu, akalitoa ukutani, akalitandaza sakafuni ili alikunje vizuri, akawaambia waliosimama karibu wavue viatu. Bibi Nyanya alikuwa amesimama upande wa kusini. Akatazama chini, akaona mashamba yake yako hapo hapo mbele ya vidole vyake, na matofali yako mbali, ng'ambo ya pili. Akakaa. Tope akazunguka akaenda kukaa upande wake. Taratibu kila mtu akatafuta mahali anapoishi akakaa hapo, na ghafla ikawa hakuna wa juu wala wa chini, kuna watu tu wamezunguka shuka bila viatu, na soksi moja ya Kidakio ilikuwa na tundu. Mama akasema basi, tulitumie siku hiyo moja tu. Bado halijarudi kitandani.

Siku ile tulifanya kazi kuliko vikao vyote vilivyotangulia. Bibi Nyanya alionyesha pampu zake zote, hata mbili ambazo siku zote alikuwa akiapa kwamba hazipo. Tope alionyesha mashimo anayochimba udongo, na mwenyewe akasema shimo moja limezidi. Kisha Kidakio akauliza maji hufika wapi wakati wa mvua kubwa. Kila mtu akaanza kupayuka, basi nikaleta kopo langu la vifungo, nikamgawia kila mmoja vichache, nikawaambia badala ya kubishana kila mtu aweke kifungo pale alipoona maji kwa macho yake.

Wakaanza kuviweka, unasikia vifungo tu vikigusa sakafu. Kimoja kikawekwa huku, viwili kule. Lakini kwenye ile kona ya mto iliyo chini kidogo ya daraja, kaka, kila mkono ulienda hapo. Tope, ambaye hajawahi kukubaliana na Bibi Nyanya hata kuhusu leo ni siku gani, aliweka kifungo chake ubavuni mwa kile cha Bibi Nyanya. Vikajaa mpaka vikaanza kupandana. Kidakio akauliza hapo pana nini. Wote walinitazama mimi.

Mkononi nilibakiwa na kifungo kimoja, kikubwa, cha koti. Nikakiweka juu ya vingine.

Kaka, hapo ni kiwanjani kwako.

Sasa naomba ukae, kama umesimama, na umwombe wifi akae karibu. Niliposema kiwanja kipo sikukudanganya. Kipo miezi tisa kwa mwaka. Miezi mitatu iliyobaki ni mto. Mimi ndiye niliyekutafutia, na nilikitazama wakati wa jua kali, nikaona majani mabichi wakati kwingine kote kumekauka, nikakuandikia kwamba ardhi ile imebarikiwa. Yale majani uliyoyasifia kwenye picha ni matete. Mvua za kwanza tu nilikwenda nikawakuta vyura wamehamia, na aliyekuuzia alikuwa ameshahama yeye. Nilirudi nyumbani nimelowa mpaka kiunoni, nikakuandikia kwamba kiwanja kinaendelea vizuri.

Na zile picha ninazokutumia kila mwaka, miaka sita sasa, nimesimama pale nikitabasamu? Zote zilipigwa siku moja. Nilibadilisha kilemba tu. Hukuwahi kuuliza kwa nini mdogo wako ana gauni moja, na sisi ukoo mzima ni wa mafundi nguo.

Nitakuambia kwa nini, na usinicheke. Uliponunua kiwanja kile, Mama aliacha kuniuliza utarudi lini. Alikuwa akiniuliza kila siku, kaka, wakati nikitia uzi kwenye sindano. Baada ya hapo akawa anawaambia majirani mwanangu anajenga hapa. Niliogopa kwamba ukijua kiwanja hakifai utaona huna tena la kukurudisha, nami nitabaki na swali lile peke yangu. Naona aibu kuandika haya, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mpango umekamilika, imebaki kitu kimoja. Tumekubaliana kwamba hatua sitini kutoka kila ukingo hapalimwi wala hapachimbwi, panapandwa miti. Bibi Nyanya anapoteza matuta yake mazuri kuliko yote. Tope anafukia shimo na kuhamisha tanuri. Na kona ya daraja inaachwa wazi, maji yakizidi yatawanyike hapo badala ya kuingia majumbani kwa watu wa chini, kama yalivyoingia mwaka juzi, habari ambayo pia sikukuandikia. Kwenye mpango panaitwa mahali pa maji kupumzika. Bibi Nyanya alisema ni jambo jema, maji yamepata pa kupumzika, yeye yuko wima tangu alfajiri na hakuna aliyemwonea huruma. Halafu akasema pampu zake atazirudisha nyuma siku ambayo familia ya katibu itatangulia kuachia kiwanja chake. Tope akasema na yeye hivyo hivyo, na hii ni mara yao ya pili kukubaliana. Hakuna aliyesema kwa ukali. Lakini sahihi ya mwenye kiwanja isipokuwepo, hakuna anayesogeza hata jiwe.

Nilimweleza Mama kila kitu jana, na picha pia. Alinitazama kama anavyotazama nguo iliyoshonwa ndani nje. Kisha akatoka uani, akaanza kupima kwa hatua kutoka ukuta wa jiko hadi kwenye ua, goti na yote. Akarudi akasema vyumba vitatu vinaenea, baraza haitaenea, na kwamba kama ni kutazama maji utatazama pipa. Amekata shauri, na mimi sina nguvu za kumbishia.

Ndani ya bahasha utakuta fomu ya mwenye kiwanja, ya kukubali kuyaachia maji kona ile. Inatakiwa irudi kabla ya mwisho wa mwezi. Nilitaka kukuachia uamuzi wote, kweli kabisa, lakini nilipoiangalia jana usiku nafasi ile tupu ilinitia hofu, nikakutilia sahihi kwa penseli. Ni sahihi yako hasa, na ule mkia wake. Ukikubali, pitisha wino juu yake. Usipokubali, nimeweka na kifutio, na sitakulaumu, maana kosa ni langu kuanzia kwenye matete. Ila nikuambie ukweli, kwa kuwa nimeshaanza kuusema: kifutio hicho nimekijaribu, hakifuti.

Msalimie sana wifi, mwambie kitambaa chake nimeshakikata na kitakuwa tayari atakapofika. Wabusu wanangu, waambie shangazi yao ni mwongo lakini anawapenda. Mama anakusalimu, anasema uvae kitu cha kufunika kifua. Jirani zetu wote wa juu na wa chini wanakusalimu pia, na safari hii salamu zao zina haraka kidogo.

Ndimi mdogo wako wa pekee,

Fundi, Katibu wa Kamati ya Mto